Majina ya Wanachama Nimeyakuta kwa Fundi. Ya Tawi Lako Yako Wapi?



Siku tunaandikisha wanachama sokoni Mbagala Rangi Tatu, mama mmoja muuza dagaa alinishika mkono kabla sijaandika. "Mwanangu, hiyo namba yangu ya simu ukishaiandika hapo, inakwenda kukaa wapi?" Nikamjibu bila hata kufikiri: "Ofisini mama, iko salama kabisa." Akaniachia mkono. Nikaandika jina lake, simu yake na mtaa wake, nikamkabidhi risiti, nikasogea meza inayofuata.

Wiki sita baadaye kompyuta ya tawi ikagoma kuwaka. Si mnazijua kompyuta za matawi yetu. Ya kwetu ni Dell Latitude ya mtumba tuliyoinunua kwa mchango, RAM ni GB 4, betri ilishakufa zamani, ukichomoa waya tu imezima. Katibu akaipeleka kwa fundi mmoja jirani na stendi "akaipige Windows". Mimi nikatumwa kuifuata jioni nikitoka darasani.

Nimefika pale nimekuta kijana ameketi anachagua muvi za kuwekewa kwenye flashi, fundi anamfungulia folda moja baada ya nyingine. Na hapo kwenye skrini ya fundi, katikati ya folda ya tamthilia za Kikorea na folda ya singeli, nikaona maandishi ninayoyafahamu maana niliyaandika mwenyewe kwa herufi kubwa: WANACHAMA TAWI. Majina 412. Simu, mitaa, nani kalipa ada na nani bado.

Nikamuuliza. Akanijibu kwa upole kabisa: "Nilizihamishia kwangu kwanza dada, zisipotee." Nikamwomba afute, akafuta mbele yangu. Sina ugomvi naye. Alifanya kazi ambayo sisi tulimpa na kwa namna ambayo mafundi wengi wanaifanya. Mwenye kosa ni yule aliyemwambia mama wa dagaa kwamba namba yake iko salama, na huyo ni mimi.

Nimeamua kuandika kwa sababu nimeuliza matawi mengine manne na majibu yanafanana. Wote wana fundi. Wote wana Windows "ya kupigwa". Hakuna hata mmoja aliyejua ni watu wangapi wamewahi kushika orodha ya wanachama wao.

Sasa niruhusuni niwe mwanafunzi wa sheria kwa aya mbili tu. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde zisivuje wala kufikiwa na asiyehusika, na inaziweka taarifa zinazoonyesha upande wa kisiasa wa mtu kwenye kundi la taarifa nyeti. Isome tena hiyo sentensi. Orodha ya wanachama wa chama cha siasa, kwa asili yake, yote ni taarifa nyeti. Haijalishi imeandikwa kwenye Excel yenye rangi mbaya. Ikivuja, anayeumia kwanza ni yule mwalimu, yule mama lishe, yule kijana anayesubiri kuajiriwa, ambaye alijiandikisha kwa siri hata mwenye nyumba wake hajui.

Halafu kuna hiyo Windows yenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Kwa hiyo ofisi inayodai utawala wa sheria kila Jumapili jukwaani, Jumatatu inafungua kompyuta yenye programu ya wizi. Na tuache hata hoja ya sheria, tuangalie usalama: ili ile Windows ikubali kufanya kazi bila leseni, fundi huanza kwa kuzima antivairasi, kisha anaendesha kiprogramu kidogo cha kukraki ambacho hata yeye hajui kimetungwa na nani. Umemfungulia mlango mtu usiyemjua na umemwondoa mlinzi kwa mkono wako. Isitoshe, Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ukiacha waliojiandikisha kwa muda wa nyongeza. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, vitu ambavyo mtumba wetu hauna. Kununua mpya? Kwa mfuko upi?

Ndiyo nikafika kwenye Linux. Sikufika kwa mapenzi ya teknolojia. Nilifika kwa sababu kila njia nyingine ilikuwa ama ya pesa ama ya wizi.

Binamu yangu anasoma kompyuta chuo kingine. Akanishauri Linux Mint, toleo la Xfce, kwa kuwa ni jepesi kwa mashine kongwe na sura yake haimtishi mtu aliyezoea Windows. Toleo la 22 linaahidiwa masasisho hadi 2029. Ni bure, na hapa neno bure lina uzito wa kisheria. Kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Finland, kimetolewa kwa leseni ya GPL. Leseni hiyo inakuruhusu kuitumia, kuinakili, kuibadilisha na kumpa mwenzako, sharti ukisambaza usimnyang'anye mwenzako haki zilezile ulizopewa wewe. Nimesoma mikataba mingi darasani. Sikuwahi kukutana na mkataba unaotumia hakimiliki kumlinda mpokeaji namna hii. Siku nyingine nitauandikia peke yake.

Nikapakua. Faili moja, linaishia na herufi ISO, karibu GB 3. Nilitumia bando la usiku na lilikatika mara mbili. Asubuhi nikalikopi kwenye flashi kama ninavyokopi muvi, nikachomeka kwenye mashine ya tawi, nikawasha. Mashine ikaniambia haijaona chochote cha kuwakia. Nikajaribu tena. Hola.

Binamu alicheka hadi akakaa chini. Kosa langu ndilo kosa la wengi kwa hiyo nalieleza taratibu. Faili la ISO ni picha ya diski nzima iliyofungwa kama kifurushi kimoja. Ndani yake kuna mfumo, na kuna sehemu ndogo ya mwanzo ambayo kompyuta huitafuta pale inapowaka, kabla haijajua hata kusoma folda. Ukilikopi tu, umeweka kifurushi ndani ya flashi kikiwa bado kimefungwa. Kompyuta inapotafuta pale mwanzo haikuti kitu. Ni kama umeletewa kitanda cha kuunganisha, ukakiacha ndani ya boksi, usiku ukalala juu ya boksi ukalaumu fundi seremala.

Kazi ya kukifungua kifurushi na kukipanga kwenye flashi hufanywa na programu maalumu. Kwenye Windows wengi hutumia Rufus, ni ndogo na haihitaji hata kusakinishwa. Kuna na balenaEtcher, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kwenye Rufus unachagua flashi, unachagua lile faili, mengine unayaacha kama yalivyo, unabonyeza kuanza. Itakuonya kwamba kila kilichomo kwenye flashi kitafutwa. Haitanii. Na hakikisha umechagua flashi uliyokusudia na si diski ya nje yenye tasnifu ya mtu.

Jaribio la pili nikakwama tena, safari hii kwa sababu ya ubahili. Nilinunua flashi Kariakoo imeandikwa GB 64 kwa shilingi 8,000, nikajiona mjanja. Rufus ikafika katikati ikatoa hitilafu. Kumbe kuna flashi za uongo: ndani zina nafasi ndogo tu, ila zimepangwa ziiambie kompyuta kwamba ni kubwa. Unaandika, unaandika, ukishavuka ukubwa wake wa kweli vitu vinapotelea hewani. Rufus ina kitufe cha kuikagua flashi kabla ya kuitumia, inachukua muda lakini inamuumbua mwongo. Nikaenda duka jingine nikachukua ya GB 16 kwa 15,000. GB 8 ingetosha pia.

Hapa pana hatua ambayo vijana wengi wanairuka, na mimi nataka niikalie kidogo.

Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya hiyohiyo Linux Mint. Hawakuandika matusi wala hawakuizima. Walibadilisha kiungo cha kupakulia toleo la 17.3 Cinnamon kikawa kinaelekeza kwenye faili lao, ambalo lilikuwa Mint kamili yenye mlango wa nyuma. Waliopakua siku hiyo walipata mfumo unaofanya kazi vizuri tu, huku wameshamkaribisha mgeni. Wenye mradi waligundua upesi na wakatangaza wazi bila kuficha. Ndiyo maana kila faili la ISO lina namba ndefu inayolitambulisha, inaitwa SHA256. Ukibadilisha hata herufi moja ndani ya faili, namba yote inageuka. Unaikokotoa kwenye kompyuta yako, kwa Windows kuna amri ya certutil, unailinganisha na ile iliyotangazwa na wenye mradi. Na kwa kuwa mwizi wa tovuti anaweza kubadilisha hata namba iliyoandikwa pale, kuna na saini ya kidijitali ya wenye mradi ya kuthibitisha kwamba orodha ya namba ni yao kweli.

Nilipoikokotoa ya kwangu, haikulingana. Moyo ulidunda. Haikuwa udukuzi, ni lile bando lililokatika, faili lilikuwa pungufu. Lakini laiti ningeliruka hilo zoezi ningesakinisha kitu kibovu, halafu ningewaambia watu kwamba Linux haifai. Nikapakua upya, namba ikalingana herufi kwa herufi.

Mwanafunzi wa sheria yeyote akifika hapo anatabasamu. Si ndiyo mnyororo wa utunzaji wa kielelezo huu? Kielelezo kimetoka kwa nani, kimepita mikono ipi, lakiri iko palepale? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatutaka tuonyeshe uhalisi wa ushahidi wa kielektroniki kabla mahakama haijaupa uzito. Tunawadai wenzetu wa upande wa pili uhalisi wa kila fomu. Programu inayobeba majina ya watu wetu tunaichukua kwa fundi bila swali.

Haya, jaribio la tatu. Nikachomeka flashi, nikawasha nikigonga F12 mfululizo (kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP nyingi ni Esc au F9), ikaja orodha ya vitu vya kuwakia, nikachagua flashi. Dakika mbili hivi, skrini ikafunguka. Katibu alikuwa nyuma yangu. Akasema, "Wakili, umeshafuta ile Windows?" Nikamwambia bado, sijagusa kitu. Na hilo ndilo lililomvutia kuliko yote: mfumo mzima unatembea kutoka kwenye flashi, diski ya ndani imelala. Unajaribu waifai, unajaribu sauti, unafungua mafaili yako, ukichukia unazima na kuchomoa, mashine inarudi ilivyokuwa. Hiyo flashi ni hata ya kuokolea. Windows ikigoma kuwaka, mara nyingi mafaili yenyewe bado yapo. Unawasha kwa flashi, unayahamishia kwenye diski ya nje, unalala usingizi. Siku ile tulipokimbilia kwa fundi, hili pengine lingetosha na orodha isingetoka mlangoni.

Tukahamisha kila kitu kwenye diski mbili. Mbili, si moja. Kisha tukasakinisha. Kuna mahali programu inakuuliza kama unataka kufuta diski nzima au kuiweka Linux kando ya Windows. Tulichagua kufuta. Na kwenye vipengele vya ziada vya ukurasa huohuo, kuna chaguo la kusimba diski kwa nenosiri. Tafadhalini msilipite. Bila hilo, nawaambia kweli, Linux isingetusaidia chochote kwenye tatizo letu: fundi yeyote angechomoa diski, akaiweka kwenye mashine yake, akasoma majina 412 kama gazeti. Ikishasimbwa, asiye na nenosiri anaona takataka tupu. Ila ujue mipaka yake. Inalinda mashine ikiwa imezimwa. Ukiiacha imewashwa ukaenda kunywa chai, usimlaumu mtu.

Na nenosiri likipotea, data imepotea. Hakuna "umesahau nenosiri, bofya hapa". Tulikubaliana liandikwe kwenye karatasi mbili, bahasha mbili zilizofungwa, moja kwa mwenyekiti na moja kwa katibu. Kesho yake saa moja asubuhi katibu akalituma kwenye grupu la WhatsApp la tawi lenye watu 140, "ili tusilisahau". Nilikuwa kwenye daladala. Nilishuka Mtoni Kijichi nikapanda gari la kurudi. Tulilibadilisha siku ileile, inawezekana bila kusakinisha upya. Namheshimu sana katibu wetu, ni mzee aliyelala mahabusu kwa ajili ya chama hiki wakati mimi niko darasa la nne, na tumecheka wote baadaye. Lakini ndivyo ilivyo: flashi nilijifunza kwa siku tatu, mazoea ya watu bado tunayahangaikia.

Sasa niwajibu walionipinga, maana kwenye kikao hawakuwa wachache.

Wa kwanza alisema Linux ni ya wadukuzi, polisi wakiikuta ofisini watasema tunaficha kitu. Ndugu yangu, simu yako ya Android inatembea juu ya kiini cha Linux, umeibeba mfukoni miaka yote hiyo. Gendarmerie ya Ufaransa, ambacho ni chombo cha ulinzi na usalama, ilianza kuhamia Ubuntu mwaka 2008 na ina makumi ya maelfu ya kompyuta zinazoitumia. Na sijaona kifungu cha sheria yetu kinachomkataza mtu kuweka mfumo endeshi wa bure kwenye mashine yake. Kifungu ninachokiona ni kile cha hakimiliki, na kinawahusu waliopiga Windows.

Wa pili, dada yetu mhasibu, alikuwa na hoja nzito zaidi: mafaili yake yote ni ya Excel. LibreOffice inayafungua. Ila sitadanganya, jedwali moja lenye makro halikufanya kazi ikabidi alijenge upya, na barua mbili za Word zilisogea mpangilio. Printa nayo ilitusumbua siku mbili nzima. Anayekuambia kuhama ni kazi ya dakika kumi anataka umpende. Jiji la Munich kule Ujerumani lilihamisha kompyuta zipatazo 15,000 kwenda Linux, kazi ikakamilika 2013, na mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows. Ukisoma mjadala ule unaona malalamiko ya watumiaji na siasa za viongozi vimechanganyika. Watu wasiposhirikishwa, watarudi walikotoka hata kama mfumo ni mzuri.

Wa tatu aliniudhi, na namwambia hapa kwa kuwa najua anasoma. Alisema hayo ni mambo madogo, sisi tuna ajenda ya katiba na uchaguzi. Pia aliwahi kunipokonya kipanya mkononi siku ya kusakinisha akisema "dada, acha nikusaidie", akataka kubonyeza kufuta diski kabla hatujahamisha mafaili. Jambo hili si dogo, kaka. Ibara ya 20 inatupa uhuru wa kujiunga na vyama. Mtu anaweza kuunyimwa bila tangazo lolote, anaogopa tu kwamba jina lake litazagaa, hivyo hajiandikishi. Mama wa dagaa alikuwa anauliza hilo.

Kuna na waliolalamikia lugha. Hapo nakubaliana nao nusu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Miaka ile mimi sijaanza hata chekechea! Iliwezekana kwa sababu programu ni huria, huhitaji kumpigia magoti mwenye kampuni ili utafsiri. Vijana wa lugha tulio nao kwenye jumuiya hii ni wengi. Tafsiri za Mint na LibreOffice zinapokea wa kujitolea, na kazi yenyewe inafanyika mtandaoni ukiwa chumbani kwako.

Na kama tawi lako lina Windows halali, imelipiwa, inapata masasisho, diski imesimbwa, mimi sina shida nawe, endelea. Sihubiri dini ya Linux. Nasema tu kwamba wengi wetu hatuna hiyo Windows halali wala hatutakuwa nayo, na dawa ipo kwenye flashi ya 15,000.

Ninachokipeleka kwenye kikao cha kata mwezi ujao ni hiki. Kila tawi liwe na flashi moja iliyohakikiwa, imefungiwa kabatini pamoja na daftari la mali za tawi. Watu wawili wajue kuitumia, na asiwe mtu na rafiki yake kipenzi, maana wakigombana na chama tumekwisha. Orodha ya wanachama isitoke ofisini kwenye mashine isiyosimbwa. Kuhusu usajili wetu kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama wakusanyaji wa taarifa, hilo ni la makao makuu, nimeshawaandikia barua kuuliza na nikijibiwa nitawaambia. Nisipojibiwa nitawaambia pia.

Faili la ISO ninalo, nimeshalihakiki, kwa hiyo hakuna haja ya kila mtu kuchoma bando la GB 3. Leseni inaruhusu kugawiana, tugawiane. Namba yake ya SHA256 nitaibandika ukutani ofisini, lakini msiniamini mimi, kailinganisheni wenyewe na ile ya wenye mradi.

Mama wa dagaa nilirudi kwake Jumatano. Nikamweleza yote, na folda ya kwa fundi nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu akipanga mafungu yake. Kisha akauliza, "Na sasa iko wapi?" Nikamweleza habari ya diski na bahasha mbili. Akasema atakuja aione hiyo kompyuta kwa macho yake.

Anakuja Jumamosi. Mimi nitakuwa ofisini kuanzia saa nne asubuhi, ninyi pia mje na flashi, GB 8 na kuendelea. Msije na ile yenye picha za harusi ya dada, maana itafutwa yote.